Kosa la Fundi Marehemu

Mtu akifa akaacha kazi yake nusu, nasi tukaombwa tuimalize, ana haki gani juu yetu? Na tukiikuta kazi hiyo ina kosa, tena kosa ambalo hapana jicho litakaloliona baada ya kazi kutimia, je, uaminifu ni kuliacha lilivyo kwa kuwa ni la mwenyewe, au ni kulifumua kwa kuwa mwenyewe hakulikusudia?

Suali hili si geni kwa wapenzi wa mashairi wa pwani yetu. Wengi katika washairi wetu wakubwa hawakutuachia vitabu vilivyopigwa chapa. Walituachia karatasi zilizoliwa na mchwa, na vifua vya watu waliohifadhi. Kila aliyenakili aliingiza mkono wake, na kila aliyehariri aliingiza akili yake. Mimi lakini sikukutana na suali hili katika beti. Nilikutana nalo mezani, mbele ya injini ya garimoshi iliyoundwa kwa mabamba ya shaba, fupi kuliko shibiri moja, ambayo fundi wake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Fundi huyo alikuwa jirani yangu mjini Manchester, nilikokaa miaka mingi kwa ajili ya kazi. Siku ya kwanza aliponiuliza natoka wapi, nikamjibu kuwa natoka Zanzibar, hakuniuliza habari za karafuu wala za fukwe, kama wafanyavyo wengi. Alinambia kuwa mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 15, aliingia uanagenzi katika kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwapo Gorton, upande wa mashariki wa mji ule, na kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupiga tupa vyuma vilivyokuwa vikienda Mombasa. Vilikuwa vyuma vya injini zile kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa 34 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250 na jina la mlima wa kwetu. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Mzee akatafuta riziki kwengine, lakini mikono yake haikusahau ilichofundishwa, na alipostaafu akaanza kuunda kwa udogo kile alichokisaidia kukiunda kwa ukubwa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio Mji Mkongwe, na chuma cha kulehemu nimekishika kabla sijashika kalamu ya wino. Mzee alipojua hilo, akanialika Jumamosi moja. Nikaenda, na nikawa naenda kila Jumamosi kwa miaka minne.

Kwa msomaji asiyeijua sanaa hii, yafaa nieleze kidogo. Seti ya namna hii haifanani na vile vigari vya plastiki ambavyo mtoto hubandika kwa gundi. Ukifungua sanduku, unakuta mabamba mawili matatu ya shaba ya manjano, au ya ile aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo Waingereza huiita fedha ya nikeli, ingawa ndani yake hamna hata chembe ya fedha. Unene wa bamba haufiki nusu milimita. Mchoraji wa seti amekwisha kuchora kila kipande. Mchoro wake umehamishwa kwa mwanga juu ya utando uliopakwa pande zote mbili za bamba. Kisha bamba likanyunyiziwa maji makali ya kloridi ya chuma, yakala kila mahali pasipolindwa na utando. Palipoliwa pande zote mbili, bamba limetoboka na kipande kimekatika, kikabaki kimeshikwa na vijiguu vyembamba tu. Palipoliwa upande mmoja, umebaki mfereji wa nusu ya unene, na hapo ndipo kipande kitakapokunjwa. Ribiti nazo ni vidoa vilivyochimbika nyuma ya bamba, ambavyo mjenzi huvisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya chuma mpaka vitokeze mbele. Katika bamba moja la ukubwa wa kitabu kuna injini nzima iliyolala, bapa kama samaki aliyepasuliwa kwa kuanikwa.

Kuisimamisha ni kazi ya moto. Kila kipande hukatwa, hupigwa tupa, husuguliwa mpaka king'ae, hupakwa dawa ya kulehemu ambayo ni tindikali hafifu ya fosfori, kisha huunganishwa na mwenzake kwa lehemu. Fundi huanza na lehemu inayohitaji moto mwingi, kisha huja na ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 145, na vile vipande vya risasi nyeupe kama bomba la moshi na kuba la mvuke huvifunga mwisho kwa lehemu ya nyuzi 70, kwani moto ukizidi huyeyuka vyenyewe vikawa tone juu ya meza. Utaratibu huu una hekima yake: kiungo cha leo kisije kikafumua kiungo cha jana. Baba yangu akisema kuwa lehemu ya kweli hung'aa na ya uongo hufifia. Nimeyaona maneno hayo yakithibiti mara nyingi, katika redio na katika injini.

Injini aliyoichagua mzee haikuwa ya fahari. Ilikuwa ile ndogo ya magurudumu sita iliyopewa jina la utani la Jinty, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kusukuma na kupanga mabehewa katika yadi. Ziliundwa 422 baina ya mwaka 1924 na 1931, nyingi kwa ajili ya kampuni ya London, Midland and Scottish. Nilimuuliza kwa nini asiunde Garratt iliyokwenda Mombasa. Akanijibu kuwa ile aliipiga tupa asiione ikitembea; hii aliiona kila asubuhi alipokuwa mtoto, na anajua namna ilivyokuwa ikianguruma.

Hapa kuna pingamizi ambayo niliwahi kumweleza mwenyewe. Ikiwa mwengine ndiye aliyechora, na kemikali ndiyo iliyokata, na karatasi ya maelekezo ndiyo inayosema kipi kitangulie, basi mjenzi ana sifa gani? Si ni kama mtu aliyepewa maneno yote ya shairi akaambiwa ayapange? Mzee alicheka tu. Jawabu nililipata baadaye, na nililipata kwa njia ya ushairi wetu. Mshairi wa kwetu naye hupewa: hupewa mizani minane na minane, hupewa vina vya kati na vya mwisho, hupewa mishororo minne na kibwagizo. Hapana anayesema kuwa kwa hayo amepunguziwa kazi. Umbo lililotangulia halimwondolei mtu dhamana. Linamwonyesha mahali dhamana yake ilipo, nayo ipo kwenye viungo. Bamba ni la mchoraji, lakini baina ya bamba na bamba ni mjenzi peke yake na moto wake.

Mzee alifariki mwaka 2019, mwanzoni mwa baridi. Miezi mitatu baadaye mjane wake alibisha mlangoni kwangu akiwa amebeba sanduku la viatu. Ndani yake mlikuwa na injini: mwili wake umekamilika kiasi cha tatu kwa nne, na kitako chake, yaani zile fremu mbili zinazobeba magurudumu, kimeshalehemiwa. Magurudumu, mota na gia zilikuwa bado zimefungwa katika karatasi zake. Aliniambia neno moja, "Imalize." Nikamwambia nitaimaliza. Katika desturi zetu aliyesema vile amekwisha kupokea amana, hata kama ahadi yenyewe ameitoa mlangoni akiwa amevaa kandambili.

Kitako cha injini kama hii ni fremu mbili zilizosimama sambamba kama kuta za ukumbi, na baina yake boriti tatu za shaba zinazozishika zisikaribiane wala zisiachane. Ekseli tatu hupita katika matundu yanayotazamana. Ikiwa boriti zimekaa sawa, magurudumu yote sita hugusa ardhi kwa pamoja. Njia ya kujua ni moja: kuweka kitako juu ya kipande cha kioo, kwa kuwa kioo ni bapa na hakina upendeleo. Nikatia ekseli, nikatia magurudumu, nikaweka juu ya kioo. Injini ikayumba. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa juu kwa unene wa karatasi mbili tatu. Nikageuza kitako nikakichungulia mbele ya taa: boriti ya nyuma ilikuwa imelehemiwa ikiwa imepinda kidogo, na fremu zote mbili zimesokoteka kwa kuifuata.

Unene wa karatasi tatu ni jambo dogo, lakini si dogo kwa injini. Injini hizi hupata umeme wa volti 12 kupitia reli na magurudumu. Gurudumu lisilogusa halileti umeme, na penye makutano ya reli ndilo linaloacha njia. Injini ya mzee ingekwenda hatua mbili ikasita, ikasita tena, kisha ikaanguka.

Nilikuwa na njia tatu mbele yangu.

Ya kwanza ni kuiacha kama ilivyo. Mjane hakuwa na reli ya kuitembeza. Ingewekwa ndani ya kabati la kioo sebuleni, ikapakwa rangi nyeusi, ikapewa namba yake, na wageni wangeisifu. Gurudumu lililoinuka unene wa karatasi hakuna atakayeliona. Na kuna hoja nzuri ya kuiunga mkono njia hii: hiyo ndiyo kazi ya mkono wake, na mkono huo haupo tena. Nani amenipa ruhusa ya kuufuta?

Ya pili ni ujanja wa mafundi wavivu. Unachukua tupa ya duara, unapanua matundu ya ekseli ya nyuma mpaka gurudumu linashuka lenyewe. Viungo vya marehemu vinabaki salama, injini inagusa reli, na mjane hajui kitu. Lakini ekseli iliyolegea hucheza, na mikono ya chuma inayofunga magurudumu matatu ya upande mmoja hukwama, kwa sababu inataka kila ekseli ibaki mahali pake, na pini za upande huu zitofautiane na za upande wa pili kwa robo kamili ya mzunguko. Kosa halikuondoka, limehamishwa kutoka mahali linapoonekana na kupelekwa mahali litakapoumiza baadaye.

Ya tatu ni kupasha moto boriti ya nyuma, kuing'oa, na kuifunga upya.

Kilichonizuia kuchukua njia ya tatu siku ile ile si ugumu wake. Lehemu ina sifa ambayo gundi haina: hukubali kurejea. Ukiipa moto uleule uliyoifungia, hufunguka bila ya kuvunja kitu. Kilichonizuia ni hofu ya adabu. Nilihisi kama kwamba nikimfungulia kiungo chake nitakuwa namwambia, mbele ya mkewe, kuwa alikosea. Na maiti hana kauli ya kujitetea.

Nikaliweka sanduku kabatini kwa muda wa wiki kadhaa. Kilichonitoa katika mkwamo ule kilikuwa kosa jengine, kubwa zaidi kuliko lile la boriti, ambalo mzee alilifanya akijua na kila mtu wa fani ile analijua.

Reli halisi za Uingereza zina upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Kwa uwiano wa milimita 4 kwa kila futi, ambao ndio uwiano wa injini yetu, reli ndogo ingelazimika kuwa na upana wa milimita 18.83. Lakini reli inayouzwa madukani, na inayotumiwa na walio wengi, ina milimita 16.5 tu. Ni kama kwamba garimoshi zima linapita katika njia ya futi 4 na inchi moja na nusu. Asili yake ni ya zamani: mota za siku zile zilikuwa kubwa, na injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, hivyo watengenezaji wakakuza mwili wa injini ili mota ienee, wakaiacha reli katika upana uleule. Mota zimekuwa ndogo siku nyingi, na upana haukubadilika. Wapo mafundi wasiovumilia jambo hilo, hujitengenezea reli za 18.83 kwa mikono yao. Mzee hakuwa miongoni mwao. Alikuwa na magurudumu ya 16.5, na alikuwa akisema kuwa anataka injini yake iweze kutembea katika reli za marafiki zake.

Nikajiuliza: ikiwa nina haki ya kusahihisha boriti, mbona nisisahihishe na upana? Kwa kipimo, upana ndio uliopotoka zaidi. Umepungua kwa zaidi ya milimita 2, ilhali boriti imepotoka kwa sehemu tu ya milimita moja. Na hapo ndipo niliona kuwa kipimo hakiwezi kuwa hakimu wa jambo hili peke yake. Upana ulikuwa chaguo. Mzee aliupima, akaujua, akaukubali kwa sababu aliyoitaja. Nikiubadilisha nitakuwa nimemnyang'anya injini yake, nimeunda yangu. Boriti haikuwa chaguo. Hapana fundi anayekaa mezani akakusudia injini yake isitembee.

Kisha nikaitazama tena kazi yake yote kwa jicho hilo, nikaona kuna jambo la tatu ambalo si chaguo wala si kosa. Kwenye vidaraja vya kupandia chumba cha dereva, lehemu ilikuwa nene kuliko inavyotakiwa. Safu moja ya ribiti ubavuni mwa tangi ilipanda kidogo ilipokaribia mwisho, kama mstari wa mtu aandikaye kwenye karatasi isiyo na mistari. Hayo hayaizuii injini kitu. Hayo ni hati ya mkono wake. Mtu aliyekuwa akikaa naye Jumamosi kwa miaka minne angeitambua hati hiyo bila ya kuambiwa. Nikayaacha, wala sikuyagusa kwa tupa.

Nadhani tofauti hizi tatu, yaani kosa, chaguo na alama ya mkono, zinawahusu pia wanaoshughulika na mashairi ya waliotutangulia. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani yake ilitolewa kitabu na William Hichens mwaka 1940, yaani karne nzima baada ya kufa kwake. Katika safari ndefu namna hiyo, hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi ya zamani haikuwa na herufi mahsusi kwa kila sauti ya Kiswahili, ilipita mikononi mwa watu wengi. Tukikuta kipande cha mizani saba mahali ambapo beti zote nyengine zina minane, tuna haki ya kushuku kuwa silabi imeanguka njiani. Hilo ni boriti iliyopinda. Mwenyewe hakulikusudia, na tukilisahihisha kwa hadhari hatumdhulumu.

Lakini tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kumekuwa na kishawishi cha namna nyengine: kuwasahihisha washairi kwa kuwavisha lugha isiyokuwa yao. Mshairi wa Mvita akisema "nti", tunaandika "nchi". Akisema "mato", tunaandika "macho". Kisha tunashangaa mbona kina kimevunjika. Hatukusahihisha kosa hapo. Tumebadilisha upana wa reli yake kwa kuwa haulingani na wa kwetu. Na pale tunapompunguzia mshairi neno alipendalo mno, au tunapomlainishia mshororo ulioparuza kidogo, tunafuta ribiti zilizopanda, na baada ya muda hatutaweza kumtambua kwa hati yake.

Msomaji anaweza kuuliza: nani atakayeamua lipi ni kosa na lipi ni alama? Ni suali la haki, na sidai kuwa nina jawabu la kutosheleza kila hali. Nina kioo tu. Kazi yenyewe huwa na jambo iliyoundwa kwa ajili yake, na jambo hilo ndilo huulizwa. Injini huwekwa juu ya kioo, ikasema yenyewe kama imesimama au imeyumba. Shairi hughaniwa, na sikio lililozoea husema penye pengo. Kioo kikinyamaza, nasi tunyamaze; mkono wetu usiende mahali ambapo kazi haikulalamika.

Basi usiku mmoja nikawasha chuma cha kulehemu. Nikaipasha moto boriti ya nyuma, ikaachia. Nilipousafisha mfereji ilimokaa, nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Chini ya lehemu ya juu palikuwa na lehemu kongwe zaidi iliyopigwa tupa ikawa bapa, na chini yake nyengine tena. Shaba ya mahali pale ilikuwa imegeuka rangi kwa kupashwa moto mara kwa mara. Boriti hii ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kufungwa upya, si chini ya mara mbili. Mzee alikuwa akijua. Alikiweka kitako chake juu ya kioo kilekile, akakiona kinayumba, akafungua, akafunga, akaona bado, akafungua tena. Kosa nililokuwa nikiogopa kumfichulia alikuwa amelifichua mwenyewe kabla yangu. Sikuwa nimebatilisha neno lake. Nilikuwa nimeshika kazi pale alipoiachia.

Nikakaza fremu kwa ekseli tatu ndefu, nikabana yote juu ya kioo, nikaifunga boriti. Ikang'aa. Safari hii magurudumu yote sita yaligusa.

Nilipoimaliza injini, na rangi ilipokauka, nilikata kipande cha karatasi nikaandika kwa herufi ndogo: "Kosa la boriti ya nyuma limesahihishwa nami baada ya kifo cha fundi. Mota, magurudumu na rangi ni kazi yangu. Mengine yote ni yake." Nilikusudia kukiweka chini ya injini ndani ya sanduku. Niliona kuwa mwenye kutia mkono katika kazi ya mtu na asiseme, hata kama ameitengeneza vyema, ameiba kidogo: ama ameiba sifa ya mwenyewe, ama amemtwisha mwenyewe sifa isiyo yake.

Mjane alikisoma kile kikaratasi akiwa amesimama dirishani. Akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza boriti ya nyuma ni ipi, nikageuza injini nikamwonyesha. Akasema kuwa mwaka ule wa mwisho mikono ya mumewe ilikuwa ikitetemeka, hakuweza tena kushika fremu na chuma cha moto kwa pamoja. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akizishika fremu, kwa vibanio viwili vya nguo vya mti, naye mzee akitia lehemu. Walijaribu jioni nyingi. "Basi," akasema, "huenda ni mimi niliyezipinda."

Sikuwa na la kumjibu. Miezi yote ile nilikuwa nikilitaja kosa la fundi, nikalipimia hukumu na nikaliundia falsafa, ilhali hapakuwa na fundi mmoja. Palikuwa na mikono minne juu ya fremu zile, miwili ikitetemeka na miwili isiyofundishwa, na kwa kuitazama shaba hapana awezaye kusema ni upi uliopinda. Ndivyo zilivyo na karatasi zetu kongwe. Tunasema mshairi kakosea, na huenda ni mnakili. Tunasema mnakili, na huenda ni mtoto aliyekuwa akimshikia taa.

Nikamwomba kile kikaratasi. Nikaenda nyumbani, nikaandika chengine, na hicho ndicho kilichomo ndani ya sanduku mpaka leo: "Boriti ya nyuma imefunguliwa na kufungwa upya. Mota, magurudumu na rangi vimetiwa baadaye." Chini yake nimeandika jina langu na mwaka. Neno "kosa" nimeliondoa.